TUNAPOBADILISHA MADIRISHA, TUSITAZAME BEI PEKE YAKE

Mazungumzo ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Tanga

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 chini ya mwembe, na daftari moja na kisanduku chenye kufuli tatu. Wapo waliosema kikundi cha wanawake hakifiki Idi ya pili, watagombana tu. Tumegombana kweli, lakini tupo.

Habari za hisa, akiba na gawio Katibu amekwisha kuzisoma katika risala, hatutazirudia. Sisi tumeombwa tuzungumze jambo moja ambalo kikundi kimejifunza katika miaka hii kumi, ili liandikwe katika kijitabu na wanaokuja nyuma walikute. Katika kamati wapo waliotaka tuzungumze habari za batiki, na wengine ufugaji wa kuku. Mwisho tumekubaliana tuzungumze habari za madirisha. Mtacheka, lakini ndivyo tulivyokubaliana.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunakopa kwa ajili ya nyumba. Ukishalipa ada za watoto, kinachofuata ni nyumba, na nyumba zetu nyingi ni za kurithi au zimejengwa zamani. Bati tunalifikiria, mlango tunaufikiria, dirisha tunalikumbuka siku ile linapodondoka. Sababu ya pili ni kwamba kwenye madirisha sisi viongozi tulijikwaa, na aliyeumia hakuwa kiongozi, alikuwa mwanachama. Tumeona siku kama ya leo si ya kujisifu tu.

YALIYOTUPATA MWAKA 2018

Mwenzetu mmoja, mjane, mshonaji, alikopa shilingi 1,500,000 abadilishe madirisha matano. Habari hizi tunazieleza kwa ruhusa yake, na yeye yupo hapa amekaa pamoja nasi. Madirisha yake yalikuwa ya chuma ya zamani, yale yenye vioo vilivyoshikwa kwa pati. Nanyi mnajua hapa kwetu upepo wa bahari unavyokula chuma. Fremu zilikuwa zimevimba kwa kutu, mbili hazifungi, moja haifunguki.

Akaleta makadirio matatu mbele ya kamati ya mikopo. La kwanza lilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa mstari mmoja: madirisha matano ya alumini, 1,350,000. La pili lilikuwa la 1,900,000 na limejaa ukurasa mzima. La tatu lilikuwa la 2,150,000.

Sisi kamati tulifanya nini? Tulitazama chini ya karatasi tu, pale penye jumla. Tukasema, dada, la kwanza hili ndilo saizi yako, hata chenji inabaki. Na jambo jingine inatupasa tuliseme wazi leo: fundi yule wa kwanza alikuwa jamaa ya mmoja wetu katika uongozi. Hatukumwambia mwenzetu. Hatukuwa na nia mbaya, lakini hatukumwambia.

Fundi akataka milioni moja kwanza, akapewa. Alipokuja kufunga ndipo maneno yakaanza. Wavu wa mbu haumo katika bei, ongeza 150,000. Kung'oa fremu za zamani na kurudishia lipu si kazi yangu, tafuta mwashi, ikawa 180,000. Usafiri 40,000. Nondo zilizong'olewa haziingii tena, lazima zikatwe na kuchomelewa upya, 200,000. Jumlisheni wenyewe: 570,000 juu ya ile 1,350,000. Ni 1,920,000. Yale makadirio ya pili tuliyoyaona ghali yalikuwa 1,900,000, na mambo yote hayo yalikuwa yameandikwa ndani yake.

Kwenye mkopo alikuwa amebakiwa na 150,000. Zilizopungua ni 420,000. Alikuja kwetu kuomba nyongeza, tukamjibu katiba hairuhusu nyongeza kabla ya kumaliza mkopo wa kwanza. Katiba ilikuwa inasema hivyo kweli. Akauza cherehani yake.

Masika ya mwaka 2019 maji yakaingia kwa chini ya madirisha yote matatu ya upande wa mvua, yakalowesha godoro na vitambaa vya wateja. Skrubu zikatoa machozi ya kutu. Vigurudumu vikakwama, dirisha la chumbani likawa linafunguliwa kwa watu wawili. Fundi simu hapokei. Na mshonaji asiye na cherehani atarejesha kwa nini? Mwisho wa mzunguko tulimkata hisa kufidia deni la 600,000, kama katiba inavyosema. Akachukua kilichobaki, akatuaga vizuri, akaondoka. Hakutupa neno baya hata moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Tutarudi kwake mwishoni. Sasa tuseme tuliyojifunza, maana majuto bila funzo ni kelele.

KWANZA TUJIULIZE: LIBADILISHWE AU LITENGENEZWE?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Si kila dirisha la zamani ni bovu. Fundi anayeuza alumini atakwambia kila kilichopo king'olewe, ndiyo biashara yake.

Nyumba nyingi za Ngamiani na kwingineko zina fremu za mvule au mninga. Mbao hizo hazipendwi na mchwa, na iliyokauka miaka arobaini ukutani mara nyingi ni bora kuliko mbao laini mbichi unayouziwa leo. Chukua bisibisi, ichome fremu pale chini kwenye kona, ambapo maji hukaa. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hiyo imekwisha. Ikiwa kona moja tu imeoza, fundi mbao mzuri ataikata na kuunga kipande. Mwenzetu mwingine alitaka kung'oa fremu nne za mvule, tukamshauri abadilishe bawaba na makomeo, apige randa na rangi. Hakutumia hata robo ya fedha aliyotaka kukopa.

Chuma nacho ni hivyo hivyo. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida. Lakini chuma kikishavimba na kuanza kupasua lipu, au ukikigonga kinamomonyoka, usipoteze rangi yako.

Na tusidharau hewa. Dirisha la alumini la kusukuma lenye milango miwili hufunguka nusu tu, kwa sababu mlango mmoja lazima ukae nyuma ya mwenzake. Dirisha la mbao la bawaba hufunguka lote, na la vioo vya luva hupitisha hewa karibu kote. Kwa joto la Tanga mwezi wa pili, hilo si jambo dogo. Ukibadilisha luva ukaweka la kusukuma la ukubwa ule ule, utashangaa chumba kimekuwa tanuri. Alumini nayo ina aina ya bawaba inayofunguka kwa nje. Muulize fundi bei yake pia, ujue tofauti.

Wapo wauzaji wanaotaja vioo viwili viwili, wanasema ni vya Ulaya. Vioo hivyo hutumika huko hasa kuzuia joto la ndani lisitoke wakati wa baridi. Sisi jua la saa tisa ndilo linalotusumbua, na dawa yake ya rahisi ni kivuli: upenu mrefu, kibaraza, mti, pazia. Fedha hiyo iweke kwenye wavu na kioo kizuri.

MAKADIRIO YASOMWE MSTARI KWA MSTARI

Sisi wengi tumeishia darasa la saba, lakini hesabu ya upana mara urefu tuliisoma. Dirisha la futi 5 kwa futi 4 ni futi 20 za mraba. Madirisha matano ni futi 100. Gawanya jumla ya fedha kwa futi hizo, utapata bei ya futi moja ya mraba, na hapo makadirio yote yanakaa kwenye mizani moja. Yale ya 1,350,000 yalikuwa 13,500 kwa futi. Ya pili yalikuwa 19,000. Ya tatu yalikuwa 21,500. Mtu akiwa chini ya wenzake kiasi hicho, usifurahi upesi. Uliza kwanza, kitu gani hakimo?

Siku hizi kikundi hakipokei karatasi ya mstari mmoja. Makadirio yanayoletwa kwenye kamati lazima yajibu maswali haya:

Ukubwa wa kila dirisha, moja moja, na linafunguka vipi.

Unene wa alumini. Ipo nyembamba chini ya milimita 1, na ipo ya milimita 1.2 hadi 1.4. Ukiziangalia kwa mbali zinafanana, ila nyembamba ukiibana kwa vidole inacheza.

Unene wa kioo na aina yake. Kioo cha milimita 3 kwenye dirisha kubwa ni hatari, upepo ukilipiga kinatetemeka. Tunataka milimita 5. La bafuni liwe la kioo kisichoonyesha.

Wavu wa mbu umo au haumo, na ni wavu gani. Wavu wa chuma kwa upepo wetu wa chumvi hushika kutu ukatoboka. Wa plastiki au wa nyuzi za kioo unavumilia zaidi.

Nani anang'oa fremu za zamani, nani anarudisha lipu, na vile vyuma vya zamani ni vya nani. Msicheke, vyuma chakavu ni fedha, na mafundi wengine huondoka navyo kimya kimya.

Nondo zitakaa ndani au nje, ni zile zile au mpya.

Usafiri, kodi na risiti. Bei ina kodi ndani au itaongezwa? Ikiwa ni duka, risiti ya mashine itatoka?

Kazi itaanza lini, itaisha lini, na ikiharibika fundi atarudi kurekebisha bure ndani ya muda gani.

Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa hivi. Kuuliza si ujinga. Anayesema "mama, niamini tu," mwambie tunakuamini, sasa andika.

Jambo jingine, makadirio ya simu si makadirio. Fundi aje apime. Na akija tumtazame anavyopima. Nyumba za zamani tundu la dirisha halikunyooka. Juu linaweza kuwa na futi 5, chini likapungua inchi nzima. Anayejua kazi hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu vivyo hivyo, kisha anafuata kipimo kidogo. Anayepima mara moja akafunga futi kamba, huyo atakuja kulijaza pengo kwa saruji au kulipiga fremu nyundo mpaka ipinde.

Tena twende tukaone kazi yake ya zamani. Si ya mwezi uliopita, kila kitu kipya kinang'aa. Tukaone aliyoifunga masika mawili yaliyopita, tumwulize mama mwenye nyumba: maji yanaingia? Vigurudumu vinakwenda? Ulipomwita alirudi? Cheti cha VETA ni kitu kizuri na tunakiulizia, lakini mama mwenye nyumba naye ni cheti.

TUNAVYOKAGUA KAZI

Kwa ukaguzi kikundi kinatuma watu watatu. Vifaa vyetu ni futi kamba, pimamaji, ndoo ya maji, karatasi, na sumaku tuliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu.

Fremu kabla haijafungwa tunaipima kona kwa kona, kulia juu mpaka kushoto chini, halafu kinyume chake. Vipimo viwe sawa. Visipokuwa sawa, fremu imepinda, na dirisha lililopinda halifungi milele.

Sumaku ni kwa ajili ya skrubu na nondo. Alumini haishikwi na sumaku. Skrubu ya chuma cha kawaida inashikwa kwa nguvu, na skrubu ya namna hiyo ikikutana na alumini na hewa ya bahari huliwa na kutu upesi, na alumini iliyo pembeni yake huharibika. Tunataka skrubu zisizoshika kutu. Hizo nzuri sumaku huzishika kidogo sana au haizishiki kabisa. Haya ndiyo yaliyompata mwenzetu.

Kioo tunakipima kabla hakijatiwa. Njia ya pili ni uzito. Kioo cha milimita 5, chenye eneo la mita moja ya mraba, kina kilo 12 na nusu. Cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu tu. Mtu akikibeba kama sinia ya chai, tuna maswali.

Pale chini kwenye reli ya dirisha la kusukuma lazima pawe na matundu madogo ya kutolea maji, yakitazama nje. Fundi wetu wa mwaka 2018 alikuwa ameyasahau, na penye matundu mawili akayaziba kwa saruji. Maji ya mvua yakajaa kwenye reli kama kwenye sahani, yakamwagikia ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya godoro kulowa. Tundu la ukubwa wa punje ya haragwe!

Saruji mbichi isiachwe juu ya alumini. Inaiunguza na kuacha madoa yasiyotoka. Fundi afunike fremu kwa karatasi wakati mwashi anapiga lipu, na kilichodondoka kifutwe hapo hapo kwa maji. Na pengo kati ya fremu na ukuta liwe dogo, lijazwe vizuri, kisha lizibwe kwa silikoni ya nje. Ukingo wa chini wa dirisha uinamie nje, maji yateremke.

Kisha tunafunga dirisha juu ya karatasi na kuivuta. Ikitoka bila kugoma, raba haibani, na mbu naye atapita. Tunajaribu kuunyanyua mlango wa kusukuma ukiwa umefungwa. Ukitoka kwenye reli, mwizi naye anajua hivyo. Mwisho ni ndoo. Mmoja anakaa ndani na kitambaa kikavu, mwingine anamwaga maji kwa nje taratibu, kuanzia chini kwenda juu. Mwanzoni mafundi walikuwa wakitucheka. Sasa wengine wanakuja na ndoo zao.

Kuhusu nondo tunaongeza neno moja. Sote tunaogopa wezi, lakini nyumba ikishika moto nondo haimwachii mtu. Kila nyumba iwe na angalau dirisha moja la chumbani ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua.

FEDHA ITOKE KWA HATUA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani tulikuwa tunamkabidhi mwanachama mkopo wote, naye anamkabidhi fundi karibu wote. Ukishalipa fedha yote, huna tena sauti. Sasa utaratibu ni huu. Nusu ya kwanza inatoka kwa ajili ya vifaa, na mwanachama anakwenda dukani pamoja na fundi, risiti inabaki kwake. Asilimia 40 inatoka madirisha yote yakishafungwa na ndoo imepita. Asilimia 10 inabaki kisandukuni mwa kikundi mpaka mvua inyeshe ya kutosha. Kama kazi ni ya 1,900,000, basi ni 950,000, kisha 760,000, kisha 190,000. Wapo mafundi wanaokataa kungoja masika, hao tunapatana siku thelathini. Anayekataa hata siku thelathini tunamshukuru na kumsindikiza.

Mkataba ni wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na shahidi ni ofisi ya mtaa. Makadirio yaliyosainiwa yanabanwa pamoja nao.

Na kifungu tulichokiongeza katika katiba mwaka 2021 ni hiki: kiongozi yeyote ambaye fundi au muuzaji ni ndugu yake, rafiki yake au mdeni wake, atalisema hilo mbele ya mkutano kabla makadirio hayajafunguliwa, na atatoka nje wakati yanajadiliwa. Hatukukataza ndugu wasipewe kazi, maana fundi mzuri anaweza kuwa ndugu wa mtu. Tumekataza kunyamaza.

Tuliongeza na kifungu kingine, kwamba mkopo wa nyumba uwe na akiba ya dharura pembeni, na mwanachama aweze kuomba nyongeza kwa mkutano ikiwa kazi imekwama bila kosa lake. Katiba ni yetu, tuliiandika wenyewe. Tusijifiche nyuma yake mwenzetu anapozama.

KUHUSU MWENZETU

Mwaka 2021 tulituma watu wazima watatu wakamwone. Hawakwenda kumwomba arudi, walikwenda kusema tumekosa. Alisikiliza, akawapikia chai, akasema atafikiri. Alifikiri karibu mwaka mzima, na haki yake. Mkutano ulikubali arudishiwe 300,000 kutoka mfuko wa jamii, nusu ya zile alizokatwa. Sisi viongozi tuliokuwa kwenye kamati ile tukachanga mifukoni mwetu, tukanunua cherehani. Si ile ile yake, ile ilikwisha kwenda. Lakini inashona.

Alirudi mwaka 2022. Hakutaka uongozi. Alitaka awe mmoja wa wale wakaguzi watatu, akasema yeye anajua maji yanapitia wapi. Ile ndoo ya ukaguzi ni ya kwake, na lile swali la "kitu gani hakimo?" ni la kwake pia. Mafundi wakimwona anaingia na sumaku yake wanaanza kukaza skrubu bila kuambiwa.

Madirisha yake mwenyewe yalirekebishwa mwaka jana. Matatu yalihitaji matundu, vigurudumu vipya na skrubu mpya. Mawili yalibadilishwa kabisa. Masika yaliyopita tulikwenda kumtembelea mvua inanyesha. Tukakaa sebuleni. Hakuna aliyesema kitu, kila mtu alikuwa anatazama pale chini ya dirisha. Palikuwa pakavu.

Ndugu Mgeni Rasmi, mabibi na mabwana, wengine watakuja kusoma kijitabu hiki watafute humo fedha tulizokusanya. Zimo, na tunazionea fahari, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini kikundi hakipimwi kwa kisanduku tu. Kinapimwa pia kwa mtu aliyeumia ndani yake, kama alisikilizwa au alisomewa katiba.

Kwa niaba ya uongozi wa mwaka 2018 ambao wengi wetu bado tupo, tunarudia mbele yenu tuliyokwisha kumwambia kwake: dada, tutuwie radhi.

Na ninyi wanachama mnaopanga kubadilisha madirisha kabla ya vuli, leteni makadirio yenu kwenye mkutano ujao. Yawe matatu, yawe yameandikwa, na futi ziwe zimehesabiwa. Ndoo tunayo.